Makochi Yalipotoka Nje

Je, shangazi yangu Nyabise alilibeba kosa langu kwa sababu alinipenda, au kwa sababu alikuwa amechoka kukaa nyumbani kwetu na akaona mlango umefunguka? Nimelizungusha swali hilo kichwani kwa zaidi ya miaka thelathini, tangu nikiwa mtoto wa darasa la tatu hadi sasa ninapozihesabu mvi zangu mbele ya kioo, na bado sina jibu. Wiki iliyopita tulimzika Ukerewe. Nilipoingia chumbani kwake kutafuta shuka safi, nilipokewa na harufu ya mkeka wa mafunjo iliyochanganyika na ya dagaa waliokaushwa juani, nikaketi sakafuni kabla sijakumbuka ni kwa nini.

Nyumba yetu ilikuwa Kiseke, Mwanza, katika siku ambazo kila mtu alijenga pale mawe yalipomruhusu. Nyuma ya jiko letu kulikuwa na jiwe refu kuliko paa, na mijusi wenye vichwa vyekundu walipanda juu yake kuota jua na kutikisa vichwa kama wanaokubaliana jambo. Ndani tulikuwa watu wa kuonewa wivu. Tulikuwa na makochi makubwa ya rangi ya damu ya mzee, kila moja limevikwa vitambaa alivyofuma mama. Tulikuwa na kabati la vioo lenye vyombo vya wageni ambavyo sisi wenyewe hatukuwahi kuvitumia, televisheni na deki yake, na friji iliyosimama sebuleni badala ya jikoni ili anayeingia asiikose. Baba, ambaye jina lake ni Mafuru, alikuwa afisa katika kampuni ya pamba, na msimu wa ununuzi ulipofika alizunguka vijijini wiki nzima. Mama aliuza vitenge mjini na kurudi giza limeingia. Aliyetulea hasa alikuwa shangazi Nyabise, dada mkubwa wa baba, aliyekuja kukaa nasi baada ya ndoa yake kuvunjika, akiwa na sanduku moja la bati na ulimi usiojua kupumzika.

Mambo yalianza kubadilika polepole, na kilichoyaanzisha nilikuja kukijua nikiwa mtu mzima. Mama aliniambia kwamba Jumamosi moja mdogo wangu Masatu, akiwa na miaka mitatu, alimkuta baba mezani akinywa chai. Akamwamkia kwa adabu zote, kama alivyofundishwa kuwaamkia wageni, kisha akamuuliza, "Utaondoka lini?" Watu wote walicheka, baba akacheka pamoja nao. Ila chai yake, mama anasema, hakuimaliza.

Sisi watoto hatukuelezwa neno. Tuliona tu vitu vikipungua. Televisheni iliharibika na safari hii haikupelekwa kwa fundi. Gari likaondoka na mtu tusiyemjua, na baba akaanza kwenda kazini kwa miguu, mwendo wa saa nzima, kwa maana alikuwa ameomba kazi ya mezani na kuachana na safari za vijijini. Mama akafunga biashara ya vitenge, akaleta cherehani barazani. Tukaanza kupanda mchicha na matembele katika kila kiganja cha udongo kilichopatikana kati ya mawe. Siku moja vyombo vya wageni vilitoka kabatini tukawekewa chakula ndani yake sisi wenyewe, na mimi nilikula kwa woga, nikiamini kwamba kuna mtu amekosea na muda wowote tungenyang'anywa.

Shangazi alipinga kila hatua, na kwa sauti. Nakumbuka siku ya friji, ambayo baba aliamua kuipeleka zahanati ya kanisa.

"Mafuru, hii friji imekukosea nini?"

"Haijanikosea, Dada. Sisi ndio tulikuwa tunaitumikia."

"Na wageni watakunywa nini?"

"Maji ya mtungi."

"Mchungaji naye?"

"Mchungaji kila mwaka anatuhubiria kisima cha Yakobo. Acha naye achote."

Shangazi alicheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. Kwake yeye vitu vile vilikuwa ushahidi kwamba ukoo wetu umefika mahali. Alikuwa ametoka kwa mume bila kitu, na sasa alimwona mdogo wake akiyatupa kwa hiari yale ambayo yeye alinyimwa. Nadhani hakuna aliyemuuliza hilo lilimuumaje.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo msomaji wa rika langu, hasa aliyekulia mitaa kama yetu, analijua bila kuelezwa. Miezi michache kabla ya haya, jirani yetu mmoja, fundi baiskeli, alifariki. Nilirudi kutoka shule nikawakuta wanaume wanatoa makochi ya nyumba yake na kuyapanga uani. Sebule ikabaki tupu, ikatandikwa mkeka, wanawake wakaketi chini. Pikapu ikaondoka na mjane kwenda hospitali kuchukua mwili. Baada ya siku kadhaa nguo za marehemu zilikunjwa zikawekwa kitandani, na ndugu zake wakaitwa kuchagua. Ule ulikuwa msiba wa kwanza nilioushuhudia kwa karibu, na niliusoma kama somo la darasani: kifo ndivyo kinavyoingia nyumbani, na hizi ndizo dalili zake.

Basi Jumapili moja nikazikuta suti tatu za baba zimekunjwa kitandani, na binamu zake wawili wamesimama wakizipima mabegani. Baba mwenyewe alikuwa mlangoni, akitabasamu. "Chagueni," aliwaambia. "Mimi sina tena pa kuzivaa." Nilimtazama sana. Alikuwa amekonda kwa kutembea. Tangu siku ile nikawa naamka mapema kusikiliza kama anakohoa, na nilipoisikia kahawa yake ikikorogwa nilirudi kulala. Sikumwambia mtu. Mtoto akishaamini jambo zito namna hiyo hulitunza kama siri aliyokabidhiwa.

Siku makochi yalipotoka, sikuisikia kahawa. Baba aliondoka kabla ya kawaida yake, kumbe apate kurudi mapema. Saa sita mchana, nilipokuwa napanda njia ya mawe kutoka shuleni, niliona pikapu mbele ya nyumba yetu na wanaume wanne wanalipakia kochi la mwisho. Mama alikuwa amejifunga kanga kiunoni, macho mekundu kwa vumbi. Aliingia mbele kwa dereva, akaniambia niingie ndani, shangazi atarudi sasa hivi kutoka mwaloni, soko la samaki la ufukweni, alikokwenda kununua dagaa. Pikapu ikashuka. Nikaingia.

Sebule ilikuwa tupu, na katikati ya sakafu umetandikwa mkeka mpya wa mafunjo, bado una unyevu na harufu ya ziwa.

Leo najua kwamba makochi yale yalikuwa yanakwenda kwa walimu wa shule ya jirani, waliokuwa wakikalia madawati ya watoto. Siku ile nilijua jambo jingine kabisa. Nilitoka nikakimbilia bombani, na pale nikamkuta Mama Pendo, jirani yetu, anakinga maji.

"Unalia nini, wewe?"

"Kwetu wametoa makochi."

Akaiweka ndoo chini. "Nani?"

"Baba."

"Uwii. Lini?"

Sikujua lini. Lakini alikuwa mtu mzima, ameniuliza swali, na uso wake ulikuwa unangoja.

"Jana," nikasema.

"Hospitali?"

"Ndiyo."

Nimejitetea mara nyingi kwa neno lile la kwanza. Neno "baba" lilikuwa kosa la mtoto aliyesoma dalili na kukosea maana. Neno "jana" ni habari nyingine. Jana yake nilikuwa nimekaa na baba barazani akinichongea penseli. Nililisema nikijua si kweli, kwa sababu jibu lilitakiwa, na kwa sababu, sijui niliandikeje hili, ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kuniangalia kana kwamba nina habari muhimu.

Kabla ya saa kupita nyumba yetu ilijaa. Waliingia wakakuta sebule tupu, mkeka, na hakuna mwenyeji. Wakahitimisha kwamba mama yuko chumba cha maiti. Wanawake waliketi, mmoja akaanza kulia, wakaitikia. Wanaume walipanga mawe ya kukalia na kuwasha moto. Sufuria kubwa zikaletwa. Mwenye haraka kuliko wote alishuka bandarini kumwahi mtu anayepanda meli ya alasiri kwenda Ukerewe, apeleke taarifa kwa bibi, mama yake baba. Mimi nilipakatwa. Nilipewa andazi, nikapewa na soda, nikapapaswa kichwa na mikono ambayo hapo awali hata kunisalimia ilikuwa haina muda. Nitasema ukweli wote: katikati ya huzuni ile niliona raha.

Shangazi alirudi na beseni la dagaa kichwani. Alisimama uani akiwatazama watu.

"Kuna nini?"

Wakamkimbilia kumshika.

"Niacheni. Mafuru nimemfungia viazi vya mchana asubuhi hii. Makochi yamekwenda kwa walimu."

"Mshikeni vizuri," mama mmoja mzee akasema kwa upole. "Hawataki kuamini, huwa wanakuwa hivyo. Mleteeni maji."

Kadiri alivyokana ndivyo walivyomkumbatia. Mwishowe Mama Pendo alimnong'oneza kitu, akanyoosha kidole kwangu. Shangazi alikuja, akaninyanyua kutoka mapajani mwa mtu, akanipeleka nyuma ya lile jiwe la jikoni.

"Umewaambia nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia mpaka na "jana". Akanifunika mdomo kwa kiganja chake chenye harufu ya dagaa. "Hilo neno usilirudie tena. Kwa mtu yeyote. Umenisikia?" Nikatikisa kichwa chini ya kiganja kile.

Mama alirudi akasikia kilio kinatoka nyumbani kwake. Alipoambiwa ni nani, alianguka kwenye mkeka wake mwenyewe mpya. Shangazi alimpigia kelele masikioni kwamba si kweli, na walimshika tena shangazi. Wa kutuokoa alikuwa baba. Saa kumi hivi alipanda njia ya mawe, koti begani, akawaona wanaume wamezunguka moto. Akapunguza mwendo kwa heshima, akavua kofia, akakaa kwenye jiwe la pembeni na kumuuliza aliyekuwa karibu naye, kwa sauti ya chini kabisa:

"Jamani, nani ametutoka?"

Mtu yule aliinuka akakimbia. Mtaani kwetu walisimulia kisa hicho kwa miaka, wakicheka hadi machozi, na mimi nilijifunza kucheka nao.

Siku ile hakuna aliyecheka. Kumlilia mtu mzima wa afya ni uchuro, na uchuro unataka mwenyewe apatikane. Wazee walisimama uani wakataka kujua nani amelitoa neno hilo. Baba alimgeukia Mama Pendo, kwa kuwa ndiye aliyeita watu. Mama Pendo alifungua kinywa akaniangalia mimi, niliyekuwa nimejibanza nyuma ya mama na chupa ya soda mkononi.

"Ni mimi," shangazi akasema.

Baba akamtazama. "Wewe, Dada?"

"Nilitaka uone nyumba uliyoigeuza inafananaje."

Mama Pendo alifumba kinywa. Baadaye alihamia Nyegezi, na kila tulipokutana alinitazama kuanzia juu hadi chini, akasema tu, "Umekua," kama mtu anayeulizia jambo jingine.

Baba aliamini mara moja, na nilikuja kuelewa sababu. Siku ya friji, watoto tulipokwisha kutolewa nje, shangazi alimwambia kwamba siku atakapothubutu kutoa makochi, watu watadhani kuna msiba, na yeye atakuwa wa kwanza kulia. Maneno ya hasira yaliyosemwa wiki mbili nyuma yakawa ushahidi. Baba si mtu wa kupaza sauti. Alisema, "Kesho asubuhi kuna meli, Dada. Twende tukamwone mama."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Hatua tatu, na neno moja. Nilinyamaza.

Walipofika Ukerewe, bibi alikuwa ameshanyoa nywele zote, kama mama aliyefiwa anavyofanya. Baba anasema alimshika uso, pua, masikio, akamtaka aseme jina lake. Nywele hazikuota vizuri tena. Bibi hakumaliza mwaka, na kijijini ilikwisha kusemwa kwamba alinyoa kwa msiba wake mwenyewe, na kwamba aliyemletea wembe ni binti yake. Shangazi hakurudi Mwanza. Baba alimjengea kibanda karibu na kaburi la bibi, akampelekea alichohitaji, akamtembelea kila Krismasi. Utani kati yao ulikuwa umekwisha.

Na sisi tulibaki Kiseke, katika nyumba yenye viti vinne vya mbao na mkeka. Baba alikuwa nyumbani saa kumi kila siku. Alitufundisha kukinga maji ya mvua yanayoteleza juu ya mawe, alitusomea kwa sauti, alicheza bao na Masatu na kushindwa kwa makusudi. Nikiulizwa ni lini nilikuwa na furaha, nitaitaja miaka ile bila kusita. Ndiyo inayonihukumu. Ilikuwa sahani iliyoandaliwa kwa ajili yetu sote, na mimi nilikula fungu la shangazi.

Kila msimu alitutumia machungwa ya Ukerewe kwa meli, kapu zima, na langu daima lilikuwa lile kubwa lenye alama ya kisu kwenye kikonyo. Nilipomaliza chuo kikuu nilikwenda kumwona nikiwa nimejiandaa. Nilimkuta kwenye mkeka. Nyumbani mwake kulikuwa na kigoda, sanduku la bati, na karibu hakuna kingine. Yeye aliyewahi kuililia friji. Nilianza, "Shangazi, ile siku ya makochi..." Akaniwekea chungwa mkononi.

"Menya," akasema. "Hilo linataka kuliwa leo."

"Nataka kukuuliza."

"Ulizaliwa na maswali. Hapa mimi naamka ninapotaka na kulala ninapotaka, hakuna mtu wa kuniambia kiti kikae wapi. Menya."

Nilimenya, nikapokea ruhusa ile kama msamaha. Sasa sijui ilikuwa nini. Nilirudi Mwanza, nikapata kazi, nikajenga, na nikaijaza sebule yangu makochi hadi wageni wanapita upande. Mume wangu hunitania kwamba naogopa sakafu.

Wiki iliyopita, baada ya mazishi, wanaume waliingia kutoa vitu katika nyumba ya shangazi ili waombolezaji wapate nafasi. Walitoka na kigoda na sanduku. Wakasimama uani wakitazamana, kazi imekwisha.

Siku ya tatu jioni nilimpelekea baba chai chini ya ukuta wa nyumba hiyo. Ana miaka zaidi ya themanini, na fimbo yake ameizoea kama alivyozoea miguu. Yeye huniita mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

"Mama, kesho tunaanua matanga," akasema. "Mdogo wangu atauliza kama kuna mwenye neno na marehemu. Mimi nitasimama."

"Utasema nini, Baba?"

"Kwamba nimemsamehe. Nilichelewa. Alikuwa na kosa lile moja tu maishani mwake, na nilimwadhibu kama aliyenifanyia mia. Nataka asiende nalo. Watu wote wasikie."

Nilishika kisahani kwa mikono miwili. Nilikuwa na umbali uleule wa siku ile, hatua tatu, na nilinyamaza tena. Aliponirudishia kikombe niliona chai haijaisha. Nikaamua pale pale, nikiwa nimemgeuzia mgongo.

Asubuhi tulikusanyika uani, ukoo na kijiji. Baba mdogo alisimama, akashukuru, akauliza kama ilivyo desturi: mwenye neno na marehemu Nyabise, alitoe sasa, tusije tukalisikia njiani. Baba akaikita fimbo ardhini, akaanza kujiinua. Inamchukua muda. Nilivuka zile hatua tatu, nikamwekea mkono begani, nikamrudisha kitini.

"Kaa, Baba. Shangazi hana kosa la kusamehewa. Aliyesema ni mimi."

Uso wake ulinigeukia polepole. Mtu mmoja nyuma akaguna. Nikapiga magoti kwenye mkeka wa mafunjo, mbele ya watu wote, nikaanza na zile suti kitandani, na nilipofika kwenye neno "jana" nikalisema kwa sauti ya kusikika hadi njiani.